Uzi wa wanaokesha wodini: mgonjwa akibadilika fahamu usiku, unaanzia wapi?

Nesi Mkesha

Wakuu, habari za zamu. Nyuzi za kiharusi na kifafa humu ni nyingi, ila karibu zote zinamzungumzia mtu aliyeanguka nyumbani au njiani. Mimi nataka tumzungumzie yule ambaye tayari yuko kitandani kwetu. Amelazwa kwa mguu uliovunjika, kwa kisukari, kwa nimonia, au amejifungua jana. Saa mbili usiku alikuwa anaongea, anaomba asogezewe maji. Saa nane anakoroma, na hakuna anayejua kaanza saa ngapi.

Mapokezi ya dharura mgonjwa akiletwa hana fahamu, watu wanamrukia. Wodini ni nesi mmoja, taa nusu zimezimwa, na wagonjwa wenzake wanakwambia "mwache apumzike, leo kashinda vibaya". Presha, mapigo na joto vinajazwa kwenye chati. Ile sehemu ya fahamu inanakiliwa kutoka zamu iliyopita, 15 juu ya 15, yaani yu macho kabisa, mpaka asubuhi madaktari wanapopita.

Msimamo wangu: mgonjwa mwenye hatari anaamshwa usiku. Nawahesabu hapa aliyeumia kichwa, anayetumia dawa za kisukari, aliyejifungua akiwa na presha, mwenye malaria kali, na mnywaji wa kila siku ambaye sasa kaikosa pombe. Anaamshwa kweli, anajibu, ndipo unaandika. Atakutukana. Matusi ya mlevi ni kipimo kizuri tu: sentensi imekamilika, jina lako kalikumbuka, andika.

Kipimo cha fahamu cha Glasgow tunacho tangu 1974, alama 3 mpaka 15: macho 4, maneno 5, mwili 6. Tatizo ni kutaja jumla tu. Kuna 9 ya mtu asiyefungua macho lakini anaushika mkono wako unapomminya, na kuna 9 nyingine tofauti kabisa. Taja vipande vyake. Ukiwa na haraka tumia ngazi nne: yu macho, anaitika kwa sauti, anaitika kwa maumivu, haitiki. Akishuka ngazi moja, au alama 2 za Glasgow, ni simu kwa daktari saa hiyohiyo. Akifika 8 kushuka chini, anza kuhofia kwamba hawezi kuilinda njia yake ya hewa.

Halafu mikono yako inafanya nini daktari akiwa njiani? Njia ya hewa, mgeuze ubavu, sakshen ya kunyonya mate, oksijeni. Kisha SUKARI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu sukari iliyoshuka inaiga kila kitu: inaleta degedege, inaleta ulevi bila pombe, inapoozesha upande mmoja mpaka unaapa ni kiharusi. Chini ya 3 (mmol/L) mpe mtu mzima gramu 25, yaani mililita 50 za dekstrosi ya 50% polepole kwenye mshipa mkubwa, au 250 za ile ya 10%. Mtoto ni ya 10%, mililita 5 kwa kila kilo. Pima tena baada ya dakika 15. Na kama anameza glibenklamaidi, kile kidonge cha kisukari, na figo zake si nzuri, usishangilie akiamka. Itashuka tena, pengine usiku wote na kesho yake. Mwekee dripu ya sukari na uendelee kumpima.

Karibuni tuongezee.

Intani Mpya

Asante sana mkuu, nimehifadhi. Swali langu ni kuhusu degedege kwa mtu mzima. Nimefundishwa kusubiri kwanza kwa sababu nyingi zinaisha zenyewe. Nasubiri mpaka lini?

Tabibu wa Kanda

Intani, dakika 5. Degedege nyingi huisha ndani ya dakika 2 au 3. Ikipita 5 haitaki tena kuisha yenyewe, na kila dakika inayopita dawa inazidi kushindwa. Vilevile kama kapata mbili mfululizo na katikati hakurudiwa na fahamu. Wodini ongeza kanuni hii: ukimkuta tayari anatikisika na hakuna aliyeona mwanzo, hesabu 5 zimeshapita.

Kosa ninaloliona sana si kuchelewa, ni kupima dawa kwa woga. Mtu wa kilo 70 anapewa diazepamu miligramu 5, dakika kumi zinapita, anapewa 5 nyingine, nusu saa imekwisha. Mpe 10 kwenye mshipa kwa dakika mbili hivi, na kama bado, rudia mara moja. Huna mshipa? Usimchome diazepamu kwenye msuli, inanyonywa ovyo. Midazolamu ndiyo ya msuli, miligramu 10 kwa mtu mzima anayezidi kilo 40. Utafiti wa RAMPART uliotoka 2012 ulionyesha kuwa ile ya msuli haikuzidiwa na lorazepamu ya mshipani, kwa sababu muda unaopotea kutafuta mshipa kwa mtu anayerukaruka ni mwingi.

Ikishindikana mara mbili, usiendelee kuongeza diazepamu mpaka aache kupumua. Nenda dawa ya pili: fenitoini miligramu 20 kwa kilo, fenobabito miligramu 15 mpaka 20 kwa kilo, au levetirasetamu miligramu 60 kwa kilo bila kuzidi 4,500. Fenitoini ichanganywe na maji ya chumvi, ikikutana na dekstrosi inaganda. Isizidi miligramu 50 kwa dakika, na presha iangaliwe. Mwaka 2019 matokeo ya utafiti wa ESETT yalizipambanisha levetirasetamu, fosfenitoini na valproeti. Zote tatu zilitoka karibu sawa, kila moja ikituliza kama nusu ya wagonjwa. Kwa hiyo msigombane ipi bora. Tumia iliyomo kabatini, kwa kipimo kamili, mapema.

Mtoto wa Mjini

Wakuu mimi si wa afya, nilimuuguza shangazi. Aliposhikwa degedege wodini mgonjwa wa jirani alimwekea kijiko mdomoni na watu wanne wakamkandamiza. Ni sahihi?

Nesi Mkesha

Hapana kabisa ndugu yangu. Kijiko kinavunja meno na kuziba hewa, na ulimi haumezwi. Kumkandamiza kunatengua bega. Ondoa vitu vigumu karibu yake, paza vizuizi vya kitanda, mgeuze ubavu, tazama saa, ita nesi. Na kitunguu na soksi puani tuviache huko viliko 😀

Mkunga wa Pwani

Niko upande wa Kenya, wodi ya wazazi. Jamani hapo kwa degedege wekeni mlango wa pili kabla ya hayo yote: ni mwanamke? Ana mimba ya zaidi ya miezi mitano, au amejifungua ndani ya wiki sita zilizopita? Basi ni kifafa cha mimba mpaka uthibitishe vingine, na dawa yake ni magnesiamu salfeti, si diazepamu. Hili lilishamalizwa 1995: ule utafiti mkubwa wa nchi nyingi ulionyesha magnesiamu inapunguza degedege kurudi kwa 52% ukiilinganisha na diazepamu, na 67% ukiilinganisha na fenitoini. Mwaka 2002 ukaja Magpie, wanawake kama 10,000, ukaonyesha kuwa ukimpa mwenye presha kali kabla hajashikwa, hatari inapungua zaidi ya nusu.

Wanaotuponyoka ni wa wodi zingine. Mama kajifungua salama, siku ya tatu au ya nne kalazwa wodi ya kawaida kwa "kichwa kinauma", macho yanaona ukungu, tumbo la juu linamchoma. Anapewa panadol. Hakuna anayeuliza kama ana mtoto mchanga nyumbani.

Kuandaa: chupa zetu ni za 50%. Vuta mililita 8, ongeza maji ya sindano 12, umepata gramu 4 katika 20. Hiyo inaingia mshipani taratibu, dakika 5 mpaka 20. Kisha gramu 5 kila tako, yaani mililita 10 za ile ya 50% pamoja na kidogo cha lignokeini ya ganzi, maana inauma jamani. Baadaye gramu 5 kila saa nne, ukibadilisha tako, mpaka saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege ya mwisho, hesabu iliyo ya baadaye. Akishikwa tena baada ya dakika 15, ongeza gramu 2 mshipani.

Kila kabla ya kipimo kinachofuata: gonga goti, mguu uruke, pumzi 16 au zaidi kwa dakika, mkojo angalau mililita 30 kwa saa. Goti likikataa, acha dawa. Pumzi ikikata, kalsiamu glukoneti gramu 1 polepole na umsaidie kupumua kwa mfuko. Iwe tayari juu ya trei, si stoo ambayo ufunguo wake uko na mtu aliyerudi nyumbani.

Bwana Mifupa

Natia neno kutoka wodi ya mifupa, ambako bodaboda wanatuletea kazi kila siku. Sisi tuna wageni watatu wanaofanana sura.

Wa kwanza ni mnywaji. Siku ya pili au ya tatu tangu alazwe anatetemeka, anatoka jasho, anaona wadudu ukutani, anataka kwenda kulipa deni baa. Ndugu wanasema ni majini, nesi anamfunga kitandani. Huyu anahitaji diazepamu ya kutosha, thiamini (vitamini B1) ya mshipani na maji. Anaweza kufa kwa hilo, si mguu.

Wa pili ana mfupa wa paja uliovunjika. Kati ya saa 24 na 72 mafuta ya uboho yanaingia kwenye damu. Anachanganyikiwa, pumzi zinakwenda mbio, oksijeni inashuka, na ukimvua shati unakuta vidoa vidogo vyekundu kifuani na kwapani. Vitafute na ndani ya kope.

Wa tatu ndiye anayeniogopesha. Alipofika alinuka pombe, kichwani ana jeraha dogo, akaandikwa "amelewa". Alizinduka, akaongea, akala. Baadaye kichwa kinauma, anatapika, anasinzia. Damu inajikusanya ndani ya fuvu. Mboni moja ikipanuka na kukataa mwanga, ubongo umeshaanza kusukumwa kuelekea chini. Hapo ni kichwa kuinuliwa nyuzi 30, shingo iwe katikati na kola ya shingo isimkabe, oksijeni, manitoli ya 20% (ya kupunguza msukumo ndani ya fuvu) kati ya gramu 0.5 na 1 kwa kilo kama presha haijaanguka, na kumtafuta anayeweza kutoboa fuvu. Manitoli inakununulia muda wa safari tu, damu iko palepale. Kama hospitali yako haina CT skani, usisubiri mboni ipanuke ndipo uandike rufaa.

Na naomba tuache kuwapa walioumia kichwa deksamethasoni, ambayo ni steroidi, "ya kupunguza uvimbe". Utafiti wa CRASH wa 2004, zaidi ya watu 10,000, waliopewa steroidi walikufa 21% ndani ya wiki mbili, wasiopewa 18%. Bado naiona kwenye mafaili. Kama kuna kitu cha kutoa mapema ni traneksamiki asidi ya kuzuia damu kuvuja, gramu 1 ndani ya saa 3 za ajali, na waliofaidika kwenye CRASH-3 ya 2019 ni wale ambao hawajawa mahututi.

Intani Mpya

Bwana Mifupa umenitisha. Huyo wa kwanza na wa tatu nitawatofautishaje saa tisa usiku?

Bwana Mifupa

Mara nyingine hutaweza, na wakati mwingine ni mtu mmoja ana vyote viwili. Anayeikosa pombe anakuwa juu: mapigo mbio, presha juu, macho makali. Wa damu anazama, mapigo yanaweza kupungua huku presha ikipanda. Ukishuku tu, anapigwa picha. Kumtuliza kwa diazepamu bila kuangalia mboni kwanza ni kujifunika shuka usoni.

Mwana wa Mzee

Poleni na kazi. Baba yangu alilazwa kwa presha hospitali moja ambayo siitaji. Asubuhi tukamkuta mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki. Nesi akamtobolea kidonge akamdondoshea chini ya ulimi, presha ikashuka haraka sana. Jioni hakuweza kuongea tena. Je, ile dawa ilikuwa sahihi?

Tabibu wa Kanda

Pole sana kaka. Sikumwona mzee kwa hiyo sitasema nini kilisababisha nini. Kwa ujumla, nifedipini, dawa ya presha, ya kudondoshea chini ya ulimi haishauriwi kwa mwenye kiharusi. Mshipa ukiziba, sehemu ya ubongo inayozunguka pale inaishi kwa ile presha ya juu. Ukiiangusha ghafla unaikata riziki. Kama hapewi dawa ya kuyeyusha damu, presha inaachwa mpaka ivuke 220 kwa 120, na hata hapo inashushwa polepole. Kama ni damu iliyomwagika, hesabu ni nyingine, ndiyo maana picha inatangulia na aspirini inasubiri picha.

Kiharusi cha wodini kina balaa lake. Dawa ya kuyeyusha damu inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, si tangu ulipomkuta. Kama mara ya mwisho aliyemwona akiongea ni ndugu aliyeondoka saa moja jioni, saa moja asubuhi mlango umefungwa. Namrudia Nesi Mkesha hapo: aliyemwamsha saa kumi alfajiri na kuandika kwamba anaongea ndiye aliyeokoa dirisha hilo.

Na tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti wa 2003 hadi 2006 uliofanyika Hai (Kilimanjaro) na Dar es Salaam ulikuta, baada ya kusawazisha umri, kiharusi kipya 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai na 316 Dar. Hiyo ya Dar ni kati ya idadi za juu zilizowahi kuandikwa duniani.

Pasipo na CT wala dawa hiyo bado kuna kazi. Pima sukari. Shusha homa. Usimpe kitu mdomoni kabla hujajaribu maji kijiko kimoja kimoja akiwa amekaa: akikohoa au sauti ikawa na majimaji, ni mpira wa puani. Wengi tunawapoteza kwa uji. Ndugu kwa upendo anamlisha akiwa chali, uji unaingia mapafuni, siku ya nne ni nimonia.

Mwana wa Mzee

Uji ndio tuliompa. Hakuna aliyetukataza.

Nesi Mkesha

Si kosa lenu kaka. Kuwaambia ilikuwa kazi yetu. Mzee akiwa bado yupo, mketisheni kabisa, kidevu kishuke kidogo, chakula kizito kuliko maji, na muombeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo amuone kila siku.

Mpinzani wa Kudumu

Nesi Mkesha nakubaliana na wewe nusu. Umeweka fahamu mbele ya kila kitu, lakini kuna dharura za neva ambazo mgonjwa anakuangalia, anakujibu, ana 15 kamili, na anazidi kuharibika. Mgonjwa wa TB ya mgongo au wa saratani ya tezi dume ambaye jana alitembea kwenda chooni na leo miguu mizito, tumbo la chini limejaa, mkojo hautoki. Mnamwekea katheta (mpira wa mkojo), mnaandika "kaziba mkojo", mnapita. Uti wa mgongo unabanwa. Muulize kama anahisi akijifuta chooni. Kama hahisi, na miguu inazidi kulegea, hiyo ni leo, si kliniki ya Jumanne.

Mwingine ni yule ambaye udhaifu ulianzia miguuni wiki moja iliyopita, magoti hayaruki, sasa umefika mikononi. Ni Guillain-Barré, kinga ya mwili inaposhambulia neva. Oksijeni ya kidoleni inasoma 97 na kila mtu ametulia. Itaendelea kusoma 97 mpaka dakika ambayo misuli ya pumzi inachoka, ndipo inaanguka kama jiwe. Mwambie avute pumzi moja na kuhesabu kwa sauti. Asipofika 20 mjulishe wa ICU, asipofika 10 asibaki wodini. Mwambie ainue kichwa kutoka kwenye mto. Shingo ikilegea, pumzi inafuata. Fanya hivyo kila saa chache na uandike namba.

Nesi Mkesha

Mpinzani leo umenipiga kihalali. Hilo la kuhesabu naliongeza kwenye daftari la makabidhiano.

Kwa wanaoniuliza inboksi namna ya kumpigia daktari usiku bila kufokewa, msianze na "Dokta, mgonjwa si mzuri". Mfano:

"Dokta, wodi ya wanaume. Kitanda cha dirishani, ajali ya bodaboda, paja limevunjika. Saa nne alikuwa anaongea vizuri. Sasa saa tisa anafungua macho kwa maumivu tu, anaguna bila maneno, mkono wa kulia unafuata maumivu, wa kushoto hauendi. Glasgow 9. Mboni ya kulia imepanuka, haiitiki mwanga. Sukari 6.1, pumzi 12, presha 170 kwa 95. Nimemgeuza ubavu, kichwa juu, oksijeni ipo. Nakuhitaji hapa, na niandae manitoli?"

Hakuna daktari atakayerudi kulala baada ya hapo. Akirudi, mpigie mkubwa wake, andika saa.

Mama Watoto Wawili

Na wodi ya watoto je? Tunapokea sana malaria ya kichwani. Mtoto kapewa diazepamu, degedege imekata, ila saa nzima imepita hajaamka. Ni dawa au ugonjwa?

Tabibu wa Kanda

Swali zuri dada. Usiisingizie dawa mapema. Pima sukari upya hata kama ilikuwa sawa saa moja iliyopita, kwenye malaria kali inashuka bila taarifa. Kisha mtazame kwa utulivu, taa ikiwa karibu: macho yamevutwa upande mmoja? Kidole kimoja kinacheza? Kona ya mdomo inatikisika, mate yanatoka, pumzi haina mpangilio? Hiyo ni degedege inayoendelea kimyakimya, inataka dawa ya pili na mtu mwenye mfuko wa kumpumulisha pembeni, hasa ukitumia fenobabito juu ya diazepamu.

Asiyeweza kuongea kwa umri mpime kwa kipimo cha Blantyre, kilichotoka Malawi 1989: 0 mpaka 5, na 2 kushuka chini ni koma. Ukitaka kuiita malaria ya kichwani, koma iwe imedumu zaidi ya saa moja tangu degedege ikate au sukari irekebishwe. Artesuneti, dawa ya malaria kali, isisubiri hayo: miligramu 3 kwa kilo kama yuko chini ya kilo 20, 2.4 kwa mkubwa, saa ya 0, ya 12 na ya 24. Na kama shingo imekakamaa, au utosi umevimba, au huna uhakika, mwanzishie antibiotiki ya seftriaksoni leo usiku pamoja nayo. Maji ya mgongo yatachukuliwa akitulia. Kipimo cha malaria kuwa chanya hakijawahi kumzuia mtoto kuwa na homa ya uti wa mgongo vilevile.

Mama Watoto Wawili

Asante dokta. Nakwenda kumpima sukari sasa hivi.